Motokaa ya Kumkomboa Kabula

Mwezi uliopita tulimzika Kabula, nje kidogo ya mji wa Geita, katika shamba la mihogo aliloachiwa na mumewe. Nilifika asubuhi kwa basi, nikakaa nyuma kabisa, kwenye benchi la wazee ambao hakuna anayewauliza kitu. Kijana mmoja wa kanisani alisoma habari za marehemu kutoka kwenye karatasi. Alisoma kwamba alilelewa na babu yake mzaa mama, na kwamba baba yake mzazi hakujulikana. Wanawake wakaguna kidogo, kama watu wanavyoguna kwa jambo walilolizoea. Nilikuwa nimeshika fimbo yangu kwa mikono miwili. Nilijua jina la baba yake, nilijua kikohozi chake, nilijua hata harufu ya shati alilovaa siku alipokuja kumchukua. Ningeweza kusimama. Sikusimama. Nimekuwa hivyo tangu utoto. Maneno yangu hufika watu wakiwa wameshatawanyika. Ndiyo maana naandika, tena polepole, kwa kuwa shule niliishia darasa la nne, na mkono wangu haukupata kuizoea kalamu kama ulivyoizoea spana.

Mwaka ninaotaka kuusema ulikuwa kabla ya Uhuru, katika miaka ya hamsini. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nikiishi kwa baba yangu mdogo, Maganga, upande wa Tinde. Alikuwa amerudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Geita akiwa na kifua kilichojaa vumbi la mawe. Miaka mingi alitoboa miamba chini ya ardhi. Kifua kilipoanza kukataa wakampandisha juu akawa utingo wa lori, na kilipokataa kabisa wakamwambia aende kwao akapumzike. Chumba chake kilikuwa cha udongo, kirefu, na dirisha moja dogo lililotazama zizi. Kitanda alikisogeza chini ya dirisha hilo ili apate hewa. Tulikula humo humo, mimi na yeye, maana kutembea hadi uwanjani kulimchosha kabla hajakifikia chakula. Bibi, mama yake, alituletea ugali wa mtama na mlenda, na ulipokosekana unga alituletea michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa juani, akivichemsha pamoja na karanga. Baba mdogo alikula polepole kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona. Alimeza tonge, akasubiri pumzi irudi, kisha akakata jingine. Mimi nilijifunza kula kwa mwendo wake ili nisimalize mbele yake, na mpaka leo wajukuu wangu hunicheka kwamba nakula kama mtu anayesikiliza redio.

Huko Geita alikuwa amezaa na binti wa mfanyabiashara mmoja, Msumbwa, aliyeitwa Mzee Kagoma. Binti yule alifariki mtoto akiwa bado ananyonya. Mtoto huyo ndiye Kabula. Kwetu, na kwao pia, mtoto aliyezaliwa kabla ya mahari kutolewa ni wa upande wa mama mpaka baba atoe ng'ombe wa kumkomboa. Baba akifa hajatoa, basi. Mtoto hawi wake tena, wala hatajwi kwake. Baba mdogo alikuwa na ng'ombe wanne, matunda ya miaka yake yote chini ya ardhi. Lakini njia ya kwenda Geita ilipita katika pori la mbung'o, na ng'ombe aliyeingia pori lile hakufika. Mwanzoni mwa mwaka ule alituma ujumbe kwa mtu wa mgodini aliyekuwa akirudi kazini, kuuliza afanye nini. Jibu likaja baada ya mavuno ya pamba, kwa mdomo wa mtu mwingine, aliyesimama mlangoni kwetu bila kuvua kofia. "Mzee Kagoma anasema hivi: ng'ombe huku ni chakula cha nzi. Yeye ana biashara ya samaki kutoka ziwani. Ukimtaka mtoto, mletee motokaa. Si lazima iwe mpya. Ila ije kwa miguu yake, kama ng'ombe wa mahari anavyokuja."

Baba mdogo aliuza ng'ombe wote wanne, akanunua motokaa ya mnunuzi wa pamba aliyekuwa anahama. Ilikuwa ya zamani hata wakati huo, pua ndefu, nyuma imekatwa na kuwekwa sanduku la mbao la kubebea mizigo. Ilikuja yenyewe hadi kwenye ua wetu wa minyaa, ikakohoa mara mbili, ikazima. Siku ile nilimsikia baba mkubwa Shija, kaka mkubwa wa baba mdogo, akizungumza naye nje ya chumba, na Bibi akipura mtama pembeni.

"Ng'ombe akivunjika mguu tunamla," baba mkubwa alisema. "Hilo likivunjika mguu utalila?"

"Halitavunjika."

"Lina miguu minne na yote imepinda. Hata mganga akiliona atakwambia nenda ukamlete ndugu yake."

"Kaka, mimi nilitaka mtoto. Sikutaka maneno."

"Haya. Na wewe Masele," akanigeukia mimi niliyekuwa nimesimama nyuma ya boneti, "umesoma. Limeandikwa nini hapo mbele?"

Nilijua kusoma. Herufi zilikuwa pale, za shaba, zimechakaa. Nilifungua mdomo, nikaufunga.

"Limeandikwa 'pole,'" akasema Bibi bila kuinua kichwa, na wote wakacheka, hata baba mdogo, mpaka kicheko kikageuka kikohozi na ikabidi tumkalishe.

Tangu siku ile nikawa mikono yake. Yeye aliketi kwenye kigoda, akiegemea nguzo ya zizi, akaniambia fungua hiki, kaza kile, na mimi nikalala chini ya chuma. Alijua kidogo, kwa kuwa utingo huona mengi akimsubiri fundi amalize. Vyombo vyetu vilikuwa spana mbili, nyundo ya kufulia majembe, na kisu cha Bibi. Rejeta ilivuja kama chujio. Tukainywesha uji mzito wa ulezi, ukapita katika matundu ukaganda. Bibi alisimama akitazama kibuyu chake kikimiminwa. "Chuma kinakunywa uji," alisema, "na mimi niliyekizaa kichwa kilichokinunua nanywa maji." Mipira ya ndani ya tairi tuliiziba kwa vipande vya mpira na utomvu wa minyaa, ule mweupe kama maziwa unaoweza kupofusha jicho, na tairi moja iliyokataa kabisa tukaishindilia nyasi kavu hadi ikawa ngumu kama jiwe. Watu waliokuwa wakienda kisimani walisimama kututazama, wakasalimia, "Mwangaluka, mafundi," wakaenda zao wakicheka. Mimi nilipenda kuwa chini ya motokaa. Huko hakuna aliyeniuliza neno. Niliona miguu tu, na kwa miguu nikajua nani amekuja na nani ameondoka.

Vitu viwili vilitushinda. Springi ya nyuma ilikuwa imevunjika, na mkanda unaozungusha feni ulikuwa umechanika karibu kukatika. Baba mdogo alisema kwa vitu hivi hakuna haja ya ujanja, vipo Shinyanga mjini, katika duka la vipuri. Akanipa fedha alizozibakiza, akaniambia niandike majina ya vitu kwenye karatasi nisije nikasahau. Niliandika jioni nzima. Kulipokucha nilikwenda mjini kwa baiskeli ya baba mkubwa, nikafika duka limeshafunguliwa.

Naliona duka lile hata sasa. Lilikuwa na veranda yenye nguzo tatu za mbao, na ndani giza lililonukia mpira na mafuta ya taa. Kaunta ilikuwa ndefu, nyuma yake mwenye duka akiwa ameketi kwenye kiti kirefu, na vijana wawili wa kazi wakipanda ngazi na kushuka. Madereva waliingia wakitaja vitu kwa sauti, wakitukanana kwa utani, wakipiga kaunta kwa viganja. Kila mmoja alijua jina la kitu chake. Mimi karatasi yangu ilikuwa mfukoni. Nilijiambia nitaingia akitoka huyu. Akatoka huyu, akaingia mwingine. Nilijiambia nitampa yule kijana mfupi karatasi bila kusema neno; kisha nikakumbuka mwandiko wangu, nikawaza kwamba pengine mkanda wa feni hauandikwi hivyo, na kwamba ataisoma karatasi kwa sauti na madereva watacheka. Jua likapanda. Nikala michembe niliyofungiwa na Bibi, nimesimama. Mchana yule kijana mfupi akatoka nje kumwaga maji, akanitazama.

"Wewe, tangu asubuhi. Umekuja kununua au kuegemea nguzo?"

"Kuegemea," nikajibu.

Alicheka sana, akaingia kuwaambia wenzake, nikasikia wote wakicheka. Baada ya hapo sikuweza tena hata kukaribia mlango. Waliteremsha mbao za duka nikiwa ng'ambo ya barabara. Nilirudi kwa miguu sehemu kubwa ya njia, nikisukuma baiskeli, nikitafuta maneno ya kusema, na maneno niliyoyapata yalikuwa mawili. Baba mdogo alikuwa ameketi kitandani akinisubiri.

"Wamesemaje?"

"Wamesema hakuna."

"Vyote?"

"Vyote."

Nilimrudishia fedha zake kama zilivyokuwa. Alizishika kiganjani akanitazama, akasema kijana mwingine angerudi na nusu na hadithi. Akanisifu kwa uaminifu mbele ya Bibi, na Bibi akaniongezea mboga. Nimeishi miaka mingi tangu hapo, nimefanya makosa mengine, baadhi yake makubwa mbele ya sheria na mbele ya Mungu. Lakini nikiamka nina uzito kifuani nisioujua umetoka wapi, huwa ni mboga ile.

Siku ya pili baba mdogo alisema watu wa mjini wana vipuri, sisi tuna ng'ombe. Kwa baba mkubwa kulikuwa na ngozi mbichi ya dume lililochinjwa. Tuliiloweka, kisha nikaikata kwa kuzunguka kuanzia ukingoni hadi katikati, kama watu wa kwetu wakatavyo kamba za kufungia nira, ikatoka kamba moja ndefu isiyo na kiungo. Kamba ya ngozi ikifungwa mbichi, jua likaikausha, hubana kuliko msumari. Tuliifunga springi iliyovunjika mizunguko mingi, nikivuta kwa mguu na meno. Baada ya siku tatu za jua nilipiga springi ile kwa nyundo ikalia kama chuma. Baba mdogo alifurahi kuliko nilivyopata kumwona. Alisema Wazungu wa mgodini hawakuwahi kufikiri hivi. Basi tukafunga kila kitu: usukani uliokuwa ukicheza, betri, bomba la moshi, mlango wa kushoto. Mwisho tukasuka mkanda wa feni, nyuzi tatu, tukaukausha ukiwa umevishwa mahali pake. Nilipozungusha hendeli, mara ya sita au ya saba, injini ikaitika, feni ikazunguka kwa sauti ya mlio mwembamba, na motokaa ikatoka uani ikauzunguka mbuyu wa jirani na kurudi. Watoto waliikimbilia. Bibi alitoka na kibuyu cha samli akaipaka kwenye boneti, kama apakwavyo ndama wa kwanza, akasema hajui dawa nyingine. Baba mkubwa Shija alitazama, akatema mate pembeni. "Basi," akasema, "naona amesimama." Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Tungeondoka wiki ile, Kabula angekuwa wetu. Barabara zilikuwa kavu, ngozi ilikuwa kavu. Lakini wiki ile baba mdogo alilala. Alilala wiki tatu, amekaa nusu kitandani kwa kuwa akijinyoosha pumzi inakatika, na Bibi akimfukiza majani. Tulizungumza kumpeleka Kolandoto, hospitali ya misheni. Alikataa. Alisema madaktari watamweka kitandani, na mtoto hakombolewi kutoka kitandani. Alipoweza kusimama tena, wingu la kwanza lilikuwa limeshakaa upande wa ziwa. Kila mtu pale nyumbani alijua kinachotokea ngozi ikilowa. Mtoto mdogo wa Kisukuma anajua. Ameona ngoma ikianikwa karibu na moto kabla ya kuchezwa. Bibi ndiye aliyesema, tukila.

"Maganga, mwanangu. Ngoma ikilowa hailii."

"Mvua ya mwanzo ni ya jioni, mayu," alimjibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Tutatembea asubuhi."

"Subiri kiangazi."

Alimaliza tonge lake, akasubiri pumzi. Kisha akafunua kitambaa alichokuwa akikohoa ndani yake, akamwonyesha. "Nikisubiri kiangazi," akasema, "mtakosa dereva." Bibi alikitazama kile kitambaa, akainuka, akaenda kutufungia michembe ya njiani. Mimi nilikuwa hapo. Vitu vilikuwa bado Shinyanga, dukani, mwendo wa asubuhi moja. Ningeweza kusema: nitakwenda tena, labda vimeletwa. Hata uongo huo mdogo ungetosha. Nilikuwa naukusanya mdomoni wakati Bibi aliporudi, na baba mdogo akaniambia nikalale, tunaamka mapema.

Siku ya kwanza tulikwenda vizuri kupita tulivyostahili. Tulipita Isaka, tukalala Kahama nyuma ya msikiti kwa mtu aliyemfahamu. Siku ya pili tukaingia porini. Penye kizuizi cha mbung'o alikuwako mzee mmoja wa serikali mwenye wavu mdogo, ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka kila gari akinasa nzi. Alizunguka yetu mara mbili, akainama, akanusa. "Shikamoo, mzee," nikamwambia. "Marahaba. Hii mmeifuga au mmeinunua? Nzi wakigundua hapa kuna ngozi ya ng'ombe na samli, watahamia humu na familia zao." Baba mdogo alicheka akiwa ameshika usukani. Hicho ndicho kicheko chake cha mwisho ninachokikumbuka.

Mvua ilitukuta siku ya tatu asubuhi, bila kusubiri jioni. Hatukuwa na paa la maana. Kwanza mlango wa kushoto ulining'inia. Kisha usukani ukaanza kucheza, akawa anauzungusha nusu duara kabla magurudumu hayajasikia. Tuliposhuka kwenye kijito, springi ililala upande kama mtu aliyechoka, na papo hapo nikasikia mlio mwembamba wa feni ukinyamaza. Mkanda ulikuwa umelegea, unateleza, umekuwa mlaini kama utumbo. Mvuke ukatoka kwenye boneti. "Mwagia maji!" baba mdogo alisema, na mimi nikakimbilia kijito na debe, nikamimina maji baridi katika chuma kilichokuwa kinachemka. Nilisikia mlio mmoja mkavu, kama kuni inavyopasuka motoni. Nilizungusha hendeli mpaka viganja vikatoka damu, injini haikuitika.

Tulikuwa karibu; mtu aliweza kusikia kelele za kinu cha mgodi. Wachimbaji waliotoka zamu walitukuta, watu wa kila kabila, wamejaa tope, wakatuhurumia. Waliisukuma ile motokaa wakiimba na kutaniana. "Sukuma, Msukuma! Ndiyo jina lenu!" "Mwacheni mgonjwa akae ndani, huyu ndiye bwana harusi!" Baba mdogo aliwaomba waishie kabla ya kona ili ajaribu tena kuiwasha. Hawakumsikia, au walidhani ni heshima tu. Wakatuingiza hadi uwanjani kwa Mzee Kagoma huku wakishangilia.

Mzee Kagoma alikuwa kwenye kibaraza cha duka lake la samaki wakavu, mtu mfupi, nadhifu, amevaa koti. Alitazama.

"Maganga. Hicho ni nini?"

"Ni motokaa, baba mkwe."

"Usiniite mkwe, bado. Naona watu wanaibeba."

"Imeharibikia hapo kijitoni tu. Imetoka Tinde yenyewe."

"Ng'ombe wa mahari huja kwa miguu yake. Anayebebwa na watu, huyo ni nyama." Alishuka akafungua boneti. Ngozi iliyolowa ilikuwa imeanza kunuka, na nzi walikuwa wameshafika. Aliushika mkanda wa feni kwa vidole viwili, ukanyooka ukining'inia. Majirani walikuwa wamejaa. "Nilikwambia ng'ombe sitaki," akasema, si kwa ukali, "ukaenda ukanifungia mmoja ndani ya chuma."

Watu walicheka. Lakini hakuwa mtu mbaya, na napenda hili lijulikane. Alitupa chumba, kilichokuwa ghala la dagaa, akatutandikia magunia makavu. Akaketi na baba mdogo, akamwambia: "Siku saba. Ikiwaka ikazunguka uwanja huu mara moja, mtoto ni wako, nami nitauawa kwa kicheko cha majirani. Isipowaka, desturi unaijua. Na kabla ya hapo asiambiwe wewe ni nani. Sitaki alie kwa ajili ya mtu anayeondoka."

Chakula kilipoletwa, ugali wa muhogo na samaki, aliyetunawisha alikuwa msichana wa miaka saba hivi, mwembamba, mwenye paji la uso la Bibi. Babu yake alimwambia, "Wanawishe mafundi." Alipiga magoti. "Shikamoo, fundi."

"Marahaba," baba mdogo akasema. Aliweka mikono juu ya bakuli, msichana akamimina. Mikono ikatakata. Hakuitoa. Alimimina tena, na tena, akimtazama usoni kwa mshangao, mpaka birika likaanza kudondosha matone.

"Maji yameisha, fundi."

"Haya, mwanangu. Asante." Mtu mzima yeyote humwambia hivyo mtoto yeyote, na yeye akaenda zake kujaza birika ili mimi pia ninawe.

Baba mdogo hakuinuka tena katika siku zile saba. Nilifanya kazi peke yangu, mvuani, chini ya gunia. Siku ya nne nilikwenda kwenye karakana ya mgodi. Nilisimama mlangoni, na kitu nisichokijua kikanisukuma. Labda ni kwa kuwa hakukuwa na nguzo. Nilisema kwa sauti: naomba mkanda wa feni. Fundi mmoja, Mnyamwezi mnene, aliinua kichwa, akauliza wa gari gani, akaenda kwenye rundo, akarudi nao. Haikuchukua hata muda wa kunywa maji. "Hiki tu?" akauliza. "Hiki kipo kila mahali." Akanifuata hadi uwanjani kwa wema, akiwa na vyombo vyake. Alifungua, akachovya kidole, akanionyesha maji yaliyochanganyika na oili, meupe kama uji. "Injini imepasuka," alisema. "Hata ungeivika mkanda wa dhahabu." Kabula alikuwa amesimama pembeni na kibuyu, akatuuliza kama tuna kiu.

Siku ya saba tulipanda lori la samaki kurudi. Motokaa ilibaki uwanjani kwa Mzee Kagoma. Nasikia walifuga kuku ndani yake. Njia nzima baba mdogo hakunilaumu. Mara moja tu, tulipokaribia Tinde, alisema, kana kwamba anaendeleza mazungumzo, "Wa dukani walisema hakuna. Ungefanyaje, sasa." Nikamtazama. Hapo napo palikuwa na nafasi. Lori likaingia shimoni, tukashikilia mbao, na nafasi ikapita.

Alifariki mahindi yakitoa mbelewele. Katika ukoo wetu, siku ya kunyoa, wembe huanza na mtoto wa marehemu, na baada yake ndipo wengine. Watu waliketi uwanjani, maji yakawekwa katika kibuyu, na mzee mwenye wembe akauliza mtoto wa Maganga ni nani.

"Hana," akasema baba mkubwa Shija.

"Yupo Geita," Bibi akasema.

"Mayu, hakukombolewa."

Mzee alisubiri, wembe mkononi. Kazi haiwezi kuanza bila kichwa cha kwanza. Mwishowe Bibi aliinua mkono, akaninyooshea mimi. "Mnyoeni Masele," akasema. "Huyu alikuwa mikono yake. Alimtafutia vitu mpaka mjini, akarudi na fedha zote. Mwanangu alikufa akimshukuru." Watu wakaitikia kwamba ni haki. Nilitaka kusema. Nilisogea mbele yao wote, nikapiga magoti, maji baridi yakamiminwa utosini, na nikainamisha kichwa wakaninyoa.